Komunike iko kwenye tovuti, lakini simu haiifungui

Tangu tarehe 6 Mei 2021, siku utawala wa kijeshi ulipoanza kutumika Ituri na Kivu ya Kaskazini, maisha ya Bunia yanaongozwa sana na karatasi. Kwanza zilikuja ordonansi mbili za tarehe 3 Mei: nambari 21/015, iliyotangaza ile ambayo kila mtu hapa anaiita état de siège, na nambari 21/016, iliyosema itatekelezwa namna gani. Kisha kuna Katiba yenyewe, ambayo katika kifungu cha 144 inasema hali hiyo hudumu siku 30, na baadaye inaweza kuongezwa kwa vipindi vya siku 15. Maana yake, kila wiki mbili kunatakiwa maandishi mapya yanayogusa mambo mazito: nani anaongoza jimbo, na raia akishtakiwa kwa kosa la jinai ataenda mbele ya mahakama gani. Ongeza juu yake arete za gavana, komunike za meya, matokeo ya mtihani wa Serikali, matangazo ya kazi ya mashirika, orodha za watakaopewa misaada.

Karibu yote hayo yanatembea katika umbo moja: PDF. Watu wa Bunia wanasema "pe-de-ef", na hata mama muuza unga sokoni anajua ni kitu gani, kwa sababu ndicho kile mtoto anamwambia: "Mama, iko inazunguka tu, haifunguke."

Siku hizi biro nyingi zina tovuti zao. Mashirika ya raia, vyuo, vyama vya wakulima, hata baadhi ya idara za jimbo, zimejengewa site na kijana wa ofisi kwa kutumia zile huduma za kujijengea tovuti bila kujua kodi: Wix, WordPress, Google Sites. Ni jambo jema. Miaka kumi na tano nyuma site ilihitaji fundi, na fundi alihitaji dola nyingi. Leo mtu anachagua rangi, anavuta picha, anaandika jina la shirika, na jioni site iko hewani. Hati ikipatikana, inawekwa hapo, na mtu akiuliza anajibiwa: "Iko kwenye site yetu."

Lakini kati ya "iko kwenye site" na "watu wameisoma" kuna njia ndefu kuliko ile ya Bunia mpaka Mahagi wakati wa mvua.

Karatasi inavyogeuka picha

Tufuate hati moja tangu inapozaliwa. Sekretari anaiandika kwenye ordinatere. Hapo bado ni maandishi: unaweza kutafuta neno ndani yake, kunakili mstari, kuutuma kwa SMS. Kiisha anaichapa kwenye karatasi, kiongozi anatia sahihi, na kashe inapigwa, juu ya karatasi isiyo na kashe hakuna anayeiheshimu. Halafu karatasi inarudishwa kwenye mashini, inapigwa skana, inakuwa PDF tena. Mara hii si maandishi. Ni picha ya maandishi.

Tofauti haionekani kwa macho, lakini mfuko unaihisi. Ukurasa mmoja wa A4 ukipigwa skana kwa kipimo cha kawaida cha mashini, nukta 300 kwa kila inchi, unatoa nukta 2,480 kwa upana na 3,508 kwa urefu, karibu milioni 8.7 kwa jumla. Ikiwa ni kwa rangi, ukurasa huo peke yake unaweza kula mega moja au zaidi. Arete ya kurasa kumi na mbili inakuwa mzigo wa mega kumi na kitu, wakati maneno yenyewe, kabla ya kuchapwa, yalikuwa madogo kuliko picha moja ya arusi. Mkaaji wa Bunia ananunua mega kwa siku au kwa wiki, kidogo kidogo. Kumwambia apakue hati kama hiyo ili ajue kama wilaya yake imetajwa ni kumwambia achague kati ya arete na kuongea na ndugu yake wa Kampala.

Gharama nyingine haihesabiwi kwa franka. Picha ya maandishi haina maneno ndani yake, kwa hiyo mtu hawezi kuandika jina la kijiji chake na kulitafuta. Mwanafunzi mwenye orodha ya kurasa mia mbili anashuka na kidole ukurasa kwa ukurasa. Mtu asiyeona, ambaye simu yake ingeweza kumsomea kwa sauti, hapati kitu: simu inanyamaza. Na mwandishi wa redio anayetaka kutafsiri hati kwa Kiswahili analazimika kuiandika upya yote kwanza.

Hapa kuna jambo moja la kuchekesha kidogo. PDF iliundwa na kampuni ya Adobe mwaka 1993 ili hati ionekane sawasawa kwenye mashini yoyote, na mwaka 2008 ikafanywa kipimo cha kimataifa, ISO 32000. Lengo lilikuwa kuondoa matatizo ya karatasi. Bunia, kama mahali pengi, karatasi imerudi kupitia dirishani: hati inatoka ordinatere, inapita karatasini kuchukua kashe, halafu inarudi ordinatere ikiwa nzito na bubu.

Kisanduku cheupe

Tatizo la pili liko kwenye site yenyewe. Huduma za kujijengea tovuti zina namna mbili hivi za kuweka PDF. Ya kwanza ni kiungo cha kawaida: mtu anabonyeza, hati inashuka kwenye simu. Ya pili ndiyo inayopendwa na vijana wanaojenga, juu ni nzuri kwa macho: kisanduku katikati ya ukurasa, na hati inaonekana ndani yake kama kitabu kilichofunguliwa.

Kijana anaangalia kazi yake kwenye ordinatere ya biro na anafurahi. Chef naye anafurahi. Lakini wasomaji wao hawako kwenye ordinatere. Wako kwenye simu, Itel au Tecno ya bei ndogo, na kwa miaka mingi Chrome ya simu za Android haikuwa na uwezo wa kuonyesha PDF ndani ya ukurasa wa tovuti. Inachoonyesha ni kisanduku cheupe, au kitufe cha kupakua ambacho msomaji hajui kinampeleka wapi. Kwenye iPhone mambo yalikuwa na hila zaidi: mara nyingi ukurasa wa kwanza tu ndio unaonekana ndani ya kisanduku, na msomaji anadhani hati imeishia hapo. Fikiria arete yenye vifungu vinane, na msomaji ameona vitatu akaondoka akiwa na uhakika ameisoma.

WordPress ilipotoa toleo lake la 5.8, mwezi wa Julai 2021, iliweka uwezo wa kuonyesha PDF ndani ya ukurasa bila kuongeza programu nyingine. Wajenzi wengi walishangilia. Lakini waliounda walijua udhaifu wa simu, na wakapanga kwamba kwenye simu kisanduku hicho kisionekane kabisa. Yanabaki jina la hati na kitufe. Ni uamuzi wa busara. Ila aliyejenga site hajui kama hajawahi kuifungua kwa simu yake mwenyewe. Ameandika kwenye ukurasa "Soma hapa chini", na hapa chini kwenye simu hamna kitu cha kusoma.

Wengine wanapitia Google Drive: wanaweka hati huko, kisha wanaichomeka kwenye Google Sites. Kosa linalorudi hapa ni la ruhusa. Hati imewekwa kwa watu wa biro tu, basi mfanyakazi wa biro, ambaye simu yake tayari imeingia kwenye akaunti, anaiona vizuri, na raia wa Mudzi-Pela anaambiwa aombe ruhusa. Anaiomba kwa nani? Ombi linaanguka kwenye barua pepe ya mtu ambaye labda aliacha kazi mwaka jana.

Kuna pia wale wanaotumia visomeo vilivyoandikwa kwa JavaScript, kama kile cha Mozilla kilichoanza mwaka 2011 kwa jina la pdf.js. Vinafanya kazi vizuri, hata kwenye simu, lakini vinaitaka simu ichore kila ukurasa yenyewe. Kwenye simu yenye nafasi ndogo, na hati ya picha nzito, ndipo inapotokea ile ya "iko inazunguka tu".

Lawama isipelekwe Wix au WordPress. Vyombo vinafanya vilichoahidi. Anayeamua hati ionekane namna gani ni mtu wa biro, na mtu huyo hajaulizwa swali la msingi: anayesoma ana simu gani?

Ile ya uongo inafunguka haraka

Mahali palipo wazi hapakai bure. Katika magrupu ya WhatsApp ya Bunia komunike ya uongo inafika kama picha moja nyepesi, na kashe yake, na sahihi yake, na inafunguka mara moja. Ile ya kweli iko nyuma ya kisanduku cheupe, mega kumi na nne. Nani atashinda?

Tovuti ingepaswa kuwa dawa ya jambo hili. Mtu akipata karatasi ya mashaka kwenye simu, aende kwenye ukurasa rasmi alinganishe nambari, tarehe na maneno. Lakini ili alinganishe lazima ukurasa huo ufunguke kwa sekunde chache, na lazima ajue kwamba ni wa kweli. Site za bure za hizo huduma zinakuwa na anwani ndefu yenye jina la kampuni ndani yake, na mtu yeyote anaweza kufungua nyingine inayofanana leo jioni. Anwani inayoishia na .cd, ile ya nchi, haizuii udanganyifu wote, lakini angalau kuna mtu aliyeilipia na jina lake limeandikwa mahali.

Tarehe nazo zinaleta fujo. Hati ikirekebishwa, mjenzi anapandisha PDF mpya. Kwenye WordPress, ukipandisha faili yenye jina lile lile, ya zamani haiondoki: mpya inapewa nambari mwishoni mwa jina lake, na kiungo cha zamani kinaendelea kufungua hati ya zamani. Kiungo hicho ndicho kilichotumwa kwenye magrupu wiki iliyopita. Katika jimbo ambalo utawala wake unaongezwa kila siku 15, na kila karatasi inafanana na ile iliyotangulia isipokuwa kwa tarehe, hilo linatosha kumfanya mtu asafiri au asisafiri kwa kufuata agizo lililokufa. Dawa yake ni ndogo: tarehe iandikwe kwenye jina la faili, na ukurasa useme juu kabisa kama hati bado inatumika.

Halafu kuna mwisho wa mradi. Shirika linapata pesa za miezi kumi na minane, linajenga site, linaweka ripoti zake zote na makubaliano ya vijiji yaliyotiwa sahihi na wazee. Pesa zikiisha, hakuna anayelipa anwani. Baada ya muda site inazimika, na hati zinaenda nayo. Wazee waliotia sahihi wanabaki na fotokopi, kama panya hawajaipitia. Hili linaonekana dogo mpaka siku mpaka wa mashamba unapogombaniwa na mtu anauliza: karatasi iko wapi?

Majina ambayo hayafai kuwekwa

Mpaka hapa tatizo ni hati isiyofunguka. Kuna hati nyingine ambazo hatari yake ni kufunguka.

Mashirika yanapenda uwazi, na wafadhili wanauomba. Kwa hiyo orodha za watu zinawekwa hewani: waliochaguliwa kupewa msaada, waliohudhuria mkutano, vijana walioacha silaha, wanawake waliosaidiwa baada ya kubakwa. Katika Ituri jina ni ramani. Kwa jina na kijiji, mtu wa hapa anatambua kabila, ukoo, na mara nyingi hata njia ambayo mtu huyo hupita kwenda shambani. Tangu vita vya 1999 mpaka 2003, na tena tangu machafuko yalipoanza upya Djugu mwishoni mwa 2017, watu wameuawa kwa sababu ya mambo madogo kuliko orodha yenye majina.

Wajenzi wengi hawajui kwamba kuficha ukurasa hakufichi faili. Ukiweka neno la siri kwenye ukurasa wa WordPress, PDF iliyopandishwa bado ina anwani yake yenyewe, na yeyote aliye na anwani hiyo anaifungua bila kuulizwa. Mashini za kutafuta kama Google zinaweza kuifikia ikiwa kiungo chake kimewahi kuonekana popote. Hali ni hiyo pia kwa majina yaliyofunikwa kwa mstari mweusi: ikiwa mstari umechorwa juu ya maandishi, maandishi bado yako chini yake. Mtu ananakili sehemu ile, anaibandika mahali pengine, na jina linatokea lote. Kufuta jina kwa kweli ni kuliondoa kwenye hati kabla ya kutengeneza PDF.

Kurasa 539 kutoka La Haye

Hakuna mahali ambapo umbali kati ya hati na mwenye hati ni mkubwa kama kwenye kesi za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, CPI. Hukumu tatu za kwanza zilizotiwa watu hatiani huko La Haye kwa uhalifu wa vita uliofanyika Kongo zote zinahusu Ituri. Thomas Lubanga alipatikana na hatia tarehe 14 Machi 2012 kwa kuandikisha na kutumia watoto chini ya miaka 15 vitani. Hukumu ina kurasa 593. Germain Katanga alifuata tarehe 7 Machi 2014, kwa shambulio la Bogoro la tarehe 24 Februari 2003. Bosco Ntaganda alipatikana na hatia tarehe 8 Julai 2019 kwa makosa 18, katika hukumu ya kurasa 539.

Zote ziko kwenye tovuti ya Mahakama, kwa PDF, wazi kwa yeyote. Na hapa lazima PDF itetewe. Wakili wa wahanga akisema "aya ya mia tatu", aya hiyo iko mahali pale pale kwa jaji wa La Haye, kwa mwalimu wa sheria wa chuo cha Bunia na kwa mwandishi wa habari wa Nairobi. Kurasa hazihami. Majina ya mashahidi wanaolindwa yamefutwa sawasawa. Kwa kazi hiyo hakuna umbo bora.

Lakini mwenye kuhusika zaidi anaishi Bogoro, Kilo, Mongbwalu au Sayo, na hukumu imeandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa, wakati mashahidi wengi walisema kwa Kiswahili ndani ya chumba kile. Kiswahili kilisafiri mpaka La Haye kikaingia kwenye masikio ya majaji kupitia wakalimani, na njiani kurudi kikabaki huko.

Angalia kilichotokea kwa fidia. Katika kesi ya Katanga, tarehe 24 Machi 2017, majaji walitambua wahanga 297 na kuamua kila mmoja apate dola 250 kama ishara, pamoja na misaada ya pamoja ya makao, masomo, kazi za kuleta kipato na matunzo ya kisaikolojia. Dola 250 ni hesabu ambayo mtu anaielewa hata akisimuliwa barabarani. Kwa Ntaganda, amri ya tarehe 8 Machi 2021 ilitaja dola milioni 30. Baada ya rufaa, uamuzi wa tarehe 14 Julai 2023 ukaweka milioni 31.3. Hesabu hiyo ilifika Bunia mbio. Maelezo yake yalibaki kwenye kurasa: kwamba ni fidia ya pamoja yenye sehemu zinazomlenga mtu mmoja mmoja, kwamba Ntaganda mwenyewe hana kitu, kwamba Mfuko wa Wahanga ndio unaotakiwa kutafuta pesa, kwamba kuna wahanga wa mashambulio na kuna waliokuwa watoto askari, na kila kundi lina masharti yake.

Ni katika pengo hilo ambamo mjanja anaingia kijijini na fomu mkononi, anaomba franka elfu kadhaa za "kuandikisha jina La Haye". Familia iliyopoteza watu haiwezi kumjibu, juu hati inayoweza kumfukuza iko mbali, kwa lugha nyingine, mega kadhaa, aya zaidi ya mia. Wafanyakazi wa Mahakama na wanasheria wanakuja, wanaeleza, redio za hapa zinatangaza maelezo yao. Lakini mkutano unapita, na kijijini hakuna kinachobaki cha kushika. Ukurasa mmoja wa Kiswahili, wenye maneno ya kawaida, unaofunguka kwenye simu ya Itel, wenye jibu la maswali matano ambayo kila mhanga anauliza, ungemsaidia mama wa Bogoro kuliko kurasa zote 539. Hati kamili ibaki chini yake, kwa wenye kuihitaji.

Katiba inadai Kiswahili

Wakubwa wa biro wanapoulizwa kuhusu lugha, hujibu kwamba hati rasmi ni za Kifaransa. Ni kweli nusu. Kifungu cha 142 cha Katiba ya 2006 kinasema Serikali inapaswa kueneza sheria kwa Kifaransa na katika kila moja ya lugha nne za taifa, Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba, katika muda wa siku 60 tangu sheria kutangazwa. Kifungu cha 24 nacho kinampa kila mtu haki ya kupata habari. Katiba haijasema "iwekwe kwenye site".

Muda huo wa siku 60 unarudi pia kwenye migodi. Dekreti nambari 011/26 ya tarehe 20 Mei 2011 inaitaka Serikali ichapishe mikataba yote ya maliasili ndani ya siku 60 tangu ianze kutumika, na sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inataka kampuni zikubaliane na wakaaji kwa maandishi, cahier des charges, pamoja na kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii. Kwa watu wa Djugu, ambao wameona dhahabu ya Kilo-Moto ikitoka tangu wakati wa Wabelgiji, karatasi hizi ndizo zenye kuonyesha nani aliahidi shule na nani aliahidi barabara. Mkataba uliopigwa skana ukiwa umeinama, jedwali zake zimefifia, kwa Kifaransa cha wanasheria, umechapishwa kwa mujibu wa dekreti. Chef wa groupement ameshika simu yake na hawezi kutafuta ndani yake neno "Mongbwalu".

Kulikuwa na wakati mambo yalifanyika vingine, na haukuwa wakati wa raha. Ugonjwa wa Ebola ulipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukaenea Kivu ya Kaskazini na Ituri, Mambasa, Mandima, Komanda mpaka Bunia, na ukaua watu 2,287 kabla ya kutangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, Wizara ya Afya ilianza kutuma taarifa ya kila siku kwa barua pepe, kupitia huduma ya kawaida ya kutuma barua kwa watu wengi. Ilikuwa maandishi, si picha: hesabu za siku, majina ya maeneo ya afya, maelezo mafupi. Ilifunguka kwenye simu. Mtangazaji wa jioni aliweza kunakili hesabu ya Mandima, akaiweka kwa Kiswahili, akaisoma hewani saa ile ile, na msikilizaji wa Nyakasanza akajua. Uvumi haukuisha, na timu za afya zilishambuliwa mara nyingi. Karatasi nyepesi haimalizi mashaka ya miaka mingi. Lakini redio haikukosa cha kusoma.

Redio ndiyo inayosahauliwa katika mazungumzo haya ya tovuti. Wakaaji wengi wa Irumu au Aru hawatafungua site yoyote. Watasikia. Atakayefungua ni mwandishi wa redio, na kama hati ni maandishi, ndani ya nusu saa inaweza kuwa imetafsiriwa kwa Kiswahili, Kilendu, Kihema, Alur au Lugbara. Kama ni picha, inangoja kesho, au inasomwa vipande.

Kinachotakiwa hakihitaji mfadhili. Maandishi yaliyoandikwa na sekretari, kabla ya kuchapwa, yabandikwe moja kwa moja kwenye ukurasa wa site kama maneno ya kawaida. Hizo huduma zote zinakubali. Chini yake kiwekwe kiungo cha hati yenye kashe, uzito wake uandikwe pembeni ili mtu aamue kabla ya kupakua. Skana ipigwe kwa nyeusi na nyeupe, nukta 150 zinatosha kusomeka. Kisha mtu atoke nje ya biro, azime Wi-Fi, aifungue kwa simu ndogo. Kuhusu sahihi, Kodi ya Numeriki ya tarehe 13 Machi 2023 tayari inatambua sahihi ya kielektroniki, ijapokuwa hapa Bunia kashe ya wino itaendelea kutawala kwa muda.

Kazi yote hiyo ni kama dakika ishirini kwa komunike moja. Shida ni kwamba hakuna anayeajiriwa kuifanya. Sekretari anaandika, chef anatia sahihi, kijana wa site anapandisha alichopewa, na kwenye karatasi ya mgawanyo wa kazi hakuna mstari unaosema nani ahakikishe imefunguka.